Ngazi Ambazo Baraza Lilizisahau

Kwa miaka tisa nimekuwa katibu wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, na sijawahi kupoteza ajenda hata moja. Nasema hivi mapema ili ieleweke kwamba niliposimama mbele ya baraza la jiji na kudai jibu la kikao kilichofanyika kabla nyanya yangu hajazaliwa, sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa nafuata utaratibu.

Miji yetu ni miwili, Minneapolis na Saint Paul, na imetenganishwa na mto na dharau. Sitasema lilikuwa baraza la upi. Watu wa Saint Paul watasema upuuzi wa namna hii hutokea Minneapolis tu, wa Minneapolis watasema hivyo hivyo kuhusu Saint Paul, na wote watalala vizuri.

Kabla ya hapo nilifanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka kumi na minne, huko St. Louis Park, nikiwainua, nikiwageuza, nikiwaogesha, mpaka mgongo wangu ukagoma. Wakenya wenzangu wakifikia hapo wengi hurudi shule wakawa manesi. Mimi nilikuwa nimechoka na binadamu. Nikapata kazi ya kuskani vitabu vya zamani vya baraza la jiji katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Tulikuwa wawili tu humo, mimi na bosi wangu, Mmarekani mpole aliyekaribia kustaafu, ambaye kutwa alikuwa akila karoti mbichi na kusema labda sentensi nne. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unaweka ukurasa chini ya skana, unabonyeza, kisha unaandika kwenye kompyuta kwa ufupi ukurasa unahusu nini, ili anayeutafuta aupate. Vitabu nilivyopewa vilikuwa vya mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Nilitarajia mambo mazito. Hawa ndio waliojenga jiji, nikadhani nitakuta hekima. Nilichokuta ni wanaume watupu, wenye masharubu kwa mujibu wa picha iliyobandikwa mwanzoni mwa kitabu, wakibishana kikao kizima kuhusu birika la kunyweshea farasi. Liwekwe kona ipi? Mwenye baa alitaka liwe mbele ya baa yake, kwa sababu farasi akinywa, mwenye farasi naye hukumbuka kiu. Kanisa lililokuwa ng'ambo ya barabara likapinga. Kamati ikaundwa. Kamati ikaenda kuitazama kona, ikarudi, ikaomba muda zaidi. Nilifuatilia habari za birika hilo wiki nzima na nakiri kwamba siku hizo niliwahi kazini.

Mengine yalikuwa ya kawaida. Watu wa mtaa fulani wanaomba taa. Mtu analalamikia ng'ombe wa jirani. Mwingine anataka kibali cha kuihamisha nyumba yake nzima, kuta na paa, ivutwe na farasi hadi mtaa wa tatu. Kulikuwa na sheria ya kukataza watu kutema mate kwenye njia ya waenda kwa miguu, na ukisoma mjadala wake unagundua kwamba waliokuwa wakiipinga kwa uchungu zaidi ni madiwani wawili ambao bila shaka walikuwa watemaji. Niliwajua wote. Kuna yule anayeunga mkono hoja aliyoisikia nusu. Kuna yule anayetaka iandikwe kwamba yeye alikataa. Kuna mwenyekiti anayesema tusirudi nyuma, kisha anarudi nyuma mwenyewe. Ningeweza kuwavalisha vitenge nikawaweka kwenye kikundi chetu na kazi ingeendelea.

Tofauti ilikuwa moja tu: hawakuwa na Yatokanayo. Kwetu Kenya mkutano wowote, uwe wa harusi, wa mazishi au wa kununua sufuria, hufunguliwa kwa maombi, kumbukumbu za kikao kilichopita zinasomwa na kuthibitishwa, halafu linafuata lile fungu liitwalo Yatokanayo. Hapo kila jambo lililowekwa kiporo linaulizwa limefikia wapi, na haliondoki mpaka lifungwe. Kikundi chetu kina jambo la mahema mawili yaliyoazimwa na kwaya moja ya Roseville. Huu ni mwaka wa sita liko kwenye Yatokanayo, na kila mwezi naliandika upya bila kuona aibu. Lakini hawa wenye masharubu waliandika "imeahirishwa hadi kikao kijacho," kikao kijacho kikaja na birika lake, na jambo la mtu likapotea moja kwa moja. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikifunga kitabu kwa nguvu hadi bosi wangu akaacha kutafuna.

Sasa niwaeleze habari za mzee. Yeye na mkewe ni watu wa mashariki ya Kongo, walioletwa huku baada ya miaka mingi ya kambi, na tunasali kanisa moja. Sukari ilimnyang'anya mguu mmoja, kisha figo zikafuata, hivyo mara tatu kwa wiki gari la hospitali humchukua kwenda kusafishwa damu. Akikosa mara mbili, hali inakuwa mbaya. Nyumba yao iko juu kidogo ya barabara, na mlangoni kuna ngazi tano za mawe, pana, za zamani. Mwanzoni mashemasi wawili walikuwa wakimbeba na kiti chake cha magurudumu kama watu wanaohamisha kochi, mpaka siku moja wakamwangusha kwenye ngazi ya mwisho, akavunjika kifundo cha mkono.

Ndipo wanaume wa kanisa walipokuja Jumamosi moja na mbao na misumari, wakajenga rampu, yaani mteremko wa mbao wa kupitishia kiti, kando ya zile ngazi, yenye kona moja na vishikio pande zote. Mpaka saa kumi ilikuwa tayari. Mchungaji akaiombea, akakata utepe kwa mkasi wa jikoni, tukala sambusa tukiwa tumesimama kwenye nyasi. Kuna watu wangejiuliza kama kazi hiyo inahitaji kibali cha jiji. Sisi kibali tulikuwa tumekiomba, ila tulikiomba mbinguni.

Barua ya jiji ilifika kabla mbao hazijabadilika rangi. Mke wa mzee, ambaye sote tunamwita Mama, aliniletea baada ya ibada, kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa barua za watu. Ilisema kwamba rampu, pamoja na ngazi za mawe zenyewe, zimeingia futi tatu kwenye ardhi ya jiji bila idhini ya baraza, na ziondolewe ndani ya siku thelathini. Ilikuwa Oktoba. Kila aliyeishi hapa anajua Novemba inavyozifanya ngazi za mawe, na mashemasi wetu walishindwa hata wakati wa kiangazi.

Nikaenda na barua nyumbani kwao. Mzee alikuwa ameketi dirishani, amevaa koti la suti juu ya pajama, kwa sababu hapokei mgeni bila koti. Nikamsomea yote. Akanisikiliza, kisha akasema, "Iache babomoe, maman."

"Baba, wakibomoa utatokaje?"

"Batanibeba."

"Walikuangusha."

"Basi bataniangusha tena."

Nilikasirika. Nilidhani ni kiburi kile cha wazee wa kiume, ambao nimewaogesha wengi nikakijua vizuri, cha mtu anayeona afadhali afe kuliko kuombewa kitu mbele ya watu. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ana kichwa kigumu. Akakubali kwa kutikisa kichwa, jambo lililonikasirisha zaidi. Mama alinifuata hadi mlangoni, akanishika mkono. "Usimusikie," akaniambia. "Mie ndiye minamuamsha asubuhi ya dialyse. Mie ndiye minaona vile anapumua."

Chini ya barua kulikuwa na maelezo ya kiwanja kama yanavyoandikwa kwenye hati: nambari ya kiwanja, nambari ya kitalu, na jina la eneo lilipopimwa mara ya kwanza. Jina lile nililijua. Nililiandika kwenye kompyuta wiki iliyotangulia, na nilikumbuka kwa sababu nilikosea herufi zake mara tatu. Jumatatu nilifika kazini kabla ya bosi wangu na nikavivuta vitabu.

Nikamkuta kitabuni saa nne na robo. Mwenye nyumba wa kwanza, kwenye kiwanja hicho hicho na kitalu hicho hicho, alikuwa ameliandikia baraza akisema ngazi zake za mbao zinaoza na anaomba ruhusa ya kujenga za mawe, ambazo zitaingia futi tatu kwenye ardhi ya jiji. Kamati ikaenda kutazama, ikarudi ikasema haina kipingamizi. Ilibaki kura tu. Lakini diwani wa mtaa huo hakuwepo, kwa sababu, na haya yameandikwa, alikuwa amepigwa teke na farasi. Kwa hiyo ikaahirishwa hadi kikao kijacho. Nikafungua kikao kijacho. Birika. Nikafungua kilichofuata, na kilichofuata, nikapekua kitabu chote na nusu ya kingine. Hakuna aliyemkumbuka yule bwana tena, na yeye mwenyewe inaonekana aliacha kusubiri akajenga ngazi zake kimya kimya. Nilimpenda papo hapo.

Nikampelekea bosi wangu. Alisoma polepole, akageuza kurasa kama nilivyogeuza mimi, akarudi mwanzo.

"Kwa hiyo hawajamjibu bado," akasema.

Hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza siku hiyo, na sidhani kama kuna mtu amewahi kuniambia jambo la kunifurahisha hivyo. Nikaomba nakala. Mama alikuwa amenionya kwamba karatasi bila cachet ni ya kufungia karanga tu, hivyo nikaomba na muhuri. Bosi wangu akatoa kutoka droo ya chini chuma kizito cha kubana muhuri, akapuliza vumbi, akabana kila ukurasa kwa furaha ambayo sikujua anayo.

Baraza huwapa wananchi dakika mbili kila mmoja. Nilivaa suti yangu ya harusi za watu, nikapanda treni ya mjini, nikajiandikisha. Mbele yangu kulikuwa na bwana aliyechukia njia za baiskeli na mwingine aliyezitaka zaidi, wakakaa viti jirani kwa ubaridi. Nilipoitwa, niliona saa ya tarakimu nyekundu ikianza kuhesabu kurudi nyuma, na nikafanya kosa ambalo Mkenya pekee ndiye angelifanya. Nikamtambua mwenyekiti. Nikamtambua naibu wake. Nikawatambua madiwani, karani, wanasheria, viongozi wa dini kama wapo, wageni waalikwa, nikamalizia kwamba itifaki imezingatiwa. Nilipoinua macho zilikuwa zimeteketea sekunde arobaini. Hakuna aliyeelewa ni nini kilichowapata.

Nikasema nimekuja kwa yatokanayo na kikao kilichopita, isipokuwa kilipita zamani kidogo. Nikawasomea ombi la ngazi, ripoti ya kamati, na uamuzi wa kuahirisha. Nikasema mzee wangu ana siku kumi na nane zilizobaki kabla rampu yake haijang'olewa, rampu ambayo haizizidi ngazi hizo hata inchi moja, na kwamba bila rampu hiyo hafiki hospitali, na asipofika hospitali anakufa. Nikasema jiji haliwezi kumwadhibu mtu kwa kukosa ruhusa ambayo jiji lenyewe ndilo lililosahau kuijibu. Hapo saa ikalia.

Mwanasheria wa jiji, kijana mwenye tai nyembamba, akaeleza kwa upole kwamba kisheria mambo yasiyomalizika hufa pamoja na muhula wa baraza lililokuwa nayo. Nikamwuliza kama ngazi nazo zilikufa. Mwenyekiti akanikumbusha kwamba muda wangu umekwisha. Lakini diwani mmoja mwanamke, ambaye tangu nianze alikuwa akisoma simu yake chini ya meza kana kwamba hatumwoni, aliinua kichwa na kuomba aone karatasi. Akaisoma kwa sauti, pamoja na teke la farasi, na ukumbi ukacheka. Hakucheka yeye. Akasema anatoa hoja kwamba jambo hili lijibiwe, na bwana mmoja mwishoni mwa meza, ambaye nina hakika aliisikia nusu, akaiunga mkono.

Kisha mwenyekiti akapekua kanuni zake, akatangaza kwamba ni lazima lipitie kamatini kwanza, kwa hiyo limeahirishwa hadi kikao kijacho.

Mimi bado nilikuwa nimesimama. Damu ilinipanda, na sioni haya kusema kwamba nilitaka kurusha kitu. Nikamwomba karani aandike tarehe. Karani akamtazama mwenyekiti. Nikasema siondoki mpaka nione kalamu ikitembea, na mlinzi mlangoni, Msomali mtu mzima aliyekuwa akinifuatilia tangu mwanzo, akawa ghafla anaichunguza dari. Tarehe ikaandikwa. Wiki mbili zilizofuata nilimpigia karani huyo kila asubuhi kumwuliza kama bado tumo kwenye ajenda. Kuanzia siku ya tatu alikuwa akisema "ndiyo, mama" kabla sijajitambulisha. Mkaguzi alikuja, akatikisa rampu, akasema vishikio viko chini mno, na mashemasi wakaviinua Jumamosi hiyo hiyo huku wakipeana lawama.

Kura yenyewe niliikosa karibu yote. Walisoma mambo kumi na moja kwa mkupuo, moja la kufunga barabara kwa ajili ya mbio, jingine la kununua trekta la theluji, letu likiwa katikati, wakasema ndiyo kwa pamoja na kuendelea. Nilikuwa nainama kuchukua mkoba. Ngazi na rampu zinaruhusiwa kubaki mpaka baraza litakapoamua vinginevyo, na nawajua vya kutosha kuamini kwamba hilo litachukua muda mrefu.

Nilipeleka karatasi siku iliyofuata. Mama aliibusu penye muhuri, akaingia ndani kuitafutia mahali ukutani. Mzee alikuwa kibarazani, juu ya rampu, amefungwa blanketi, akisubiri gari la hospitali. Nilitarajia shukrani, nakubali. Nilikuwa nimeshatunga na jibu la unyenyekevu. Badala yake akaniuliza kama ninajua kazi aliyokuwa akifanya kabla ya vita. Nikasema sijui.

"Nilikuwa secrétaire ku commune, ku ofisi ya muji," akasema. "Nyumba ama kibanda yenye iliingia mu barabara, mie ndiye niliweka croix, musalaba ya rangi nyekundu. Kiisha banakuya kubomoa."

Nikamrekebishia blanketi.

"Kulikuwa mama mumoja. Anauzisha mandazi, yeye na batoto balilala mule mule ndani. Akaniletea papier ya chef wa zamani, yenye ilimupatia ruhusa. Nikamuambia arudie juma ijayo. Ile vendredi, mbele arudie, tukabomoa."

"Labda karatasi ilikuwa ya uongo, baba," nikasema, kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

"Hapana. Niliisoma. Ilikuwa ya kweli."

Nikamwuliza kwa nini basi alimrudisha. Alifikiri kwa uaminifu, nilimwona akitafuta, kama mtu aliyejiuliza swali hilo mara nyingi na kila mara akakuta jibu lile lile.

"Ilikuwa saa sita," akasema. "Nilikuwa na njaa."

Gari la hospitali likasimama chini, dereva akashusha kile kijukwaa cha kupandishia kiti. Nikafungua breki za kiti chake, nikashika vishikio vya nyuma. Nilimkasirikia sana, kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua na watoto wake, na njia nzima ya kuteremka nilikaza mikono yangu ili asiniponyoke.